Kinu cha Kutishia Kunguru

Usijifanye hamnazo. Uliwaona. Kila asubuhi na kila jioni mwanamke mwembamba alikatiza mtaa wenu na kitu cha mraba mgongoni, amekifunga kwa kanga kama anavyofungwa mtoto, na nyuma yake bibi kizee akitembea hatua kumi na kusimama, hatua kumi na kusimama. Uliwaona, ukainama kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. Siku moja ulitoa simu ukaiweka sikioni ukasema "haloo, haloo," na hakuna aliyekupigia. Basi kaa hapo. Leo utatazama.

Kile kitu cha mraba kilikuwa mashine ya kupumulia. Unatia dawa kwenye kikombe chake, unachomeka kwenye umeme, inanguruma, dawa inageuka mvuke, na mgonjwa anauvuta mvuke kupitia barakoa ya plastiki. Dakika kumi na tano asubuhi, dakika kumi na tano jioni. Hospitali iliwakabidhi mashine na maneno mawili: "Mkaichomeke nyumbani." Hakuna aliyeuliza kama nyumbani kuna pa kuchomeka.

Hapakuwepo. Nyumba yao ni ya mwisho mtaani, na nguzo ya mwisho yenye umeme wa majumbani ilisimama nyumba nne nyuma yao. Umeme wenyewe wanauona. Waya mnene unapita juu ya paa lao, unavuma mchana na usiku, unapanda mlimani kwenye machimbo ya kokoto. Bibi kizee alivunja mawe kwenye machimbo hayo miaka ishirini na miwili. Alipoanza kukohoa vumbi wakamwambia apumzike wiki moja, na wiki ile haijaisha mpaka leo.

Mkwewe, mume wa binti yake, ni fundi wa kusuka mota. Mota ikiungua anafumua shaba ya zamani, anasuka mpya, anairudisha kazini. Mtaani anaitwa Fundi tu. Fundi aliomba kuletewa umeme mwaka uleule machimbo yaliponunua mashine ya kusagia mawe. Machimbo yalipata nguzo kumi na nne ndani ya siku kumi na moja. Fundi aliomba nguzo moja, na huu ni mwaka wa sita. Mwaka wa kwanza walikuja kupima. Mwaka wa pili walikuja kupima tena, labda walidhani nyumba imehama. Mwaka wa tatu faili lilipotea, wa nne likaonekana, wa tano likawa halina picha ya mwombaji. Afisa anayehusika na nguzo mtaa mzima unamwita Bwana Kesho. Yeye mwenyewe analijua jina hilo, wala halimuumi.

*

Kwa hiyo walikwenda kuchomeka kwa Mama Barafu, anayeuza barafu na maji baridi sebuleni kwake. Ana friza moja na soketi moja nzima.

"Ngojeni kidogo, ndugu zangu," alikuwa akisema. "Friza ndiyo kwanza inaanza kushika. Nikiichomoa sasa, kazi yote ya leo inarudi kuwa maji."

"Tunangoja, dada. Hatuna haraka," mke wa Fundi alijibu, huku mama yake akivuta pumzi kama msumeno unaokata mbao mbichi.

Asubuhi moja mteja aliingia akakuta bibi ana barakoa usoni. "Mama Barafu! Siku hizi unauza barafu na hospitali humohumo? Basi nipe maji, lakini ya chini kabisa, yale yasiyokoholewa."

Watu wakacheka. Mama Barafu naye akacheka, maana mteja ni mteja, na kicheko kilipomwishia akajisikia vibaya hata akashindwa kumtazama bibi. Siku ya pili akawatengea mahali nyuma ya makreti ya chupa tupu. "Kaeni huku. Wateja wana midomo." Aliamini kwamba anawasitiri.

Hapo nyuma ya makreti ndipo Fundi alipomkuta mama mkwe wake. Alikuwa amewafuata na chupa ya pili ya dawa, waliyoisahau mezani. Alichungulia akamwona mzee yule ameketi sakafuni, miguu ameitandaza, kitambaa cha kichwa kimemvuka, mate yanamtoka pembeni mwa barakoa. Mtu hamtazami mama mkwe wake katika hali hiyo. Fundi aliiweka dawa kizingitini, akageuka, akaondoka kama mwizi aliyekosa cha kuiba. Alitembea mpaka kwenye meza yake ya kazi sokoni bila kumsalimia mtu. Ulipopishana naye ulidhani anaringa.

*

Siku hiyo alianza kuchora. Alichora nyuma ya karatasi za sanduku la sabuni, kwa penseli ya seremala. Upepo wa mlimani ulikuwapo bure, haukuhitaji nguzo wala picha ya mwombaji.

Kinu cha upepo cha kwanza alikijenga kwa altaneta ya lori, ile inayochaji betri injini ikizunguka. Kilizunguka vizuri sana na hakikutoa kitu. Altaneta inataka kasi ya injini, na upepo si injini. Watu wakaja kuona. "Fundi, hiyo feni inampulizia nani? Mungu ana joto?" Akakishusha mchana kweupe, mbele ya macho yao, boliti kwa boliti.

Cha pili alikifikiria kwa ufundi wake mwenyewe. Kama haiwezekani kuongeza kasi ya upepo, basi zitumike sumaku nyingi na shaba nyingi. Akanunua spika mbovu, akazivunja, akatoa sumaku zake. Akazipanga kwenye sahani mbili za breki za gari, moja ikitazamana na nyingine, na kati yake akaweka koili tisa alizozisuka kwa mkono, mizunguko themanini kila moja. Kitovu kilikuwa cha gurudumu la gari lile lile lililotoa breki. Mabawa matatu aliyakata kwenye bomba pana la plastiki, lile la maji machafu, akayapiga msasa mpaka yakawa laini kama ukingo wa sahani. Ilibidi yawe na uzito sawasawa, naye hakuwa na mizani. Akayapeleka dukani.

"Nipimie haya."

Mwenye duka aliyatazama. "Hii ni nyama ya mnyama gani, Fundi? Ina mfupa?"

"Nipimie tu, ndugu yangu."

"Nitakupimia, lakini simama pembeni, wateja wasije wakadhani nauza kichaa kwa kilo."

Akasimama pembeni. Bawa moja lilizidi kwa uzito wa kijiko cha sukari. Alirudi nalo kulikwangua, akaja tena, na mara ya tatu mwenye duka akampimia bila utani, kwa sababu alikuwa ameanza kuona haya yeye.

Nyumbani, Fundi na mama mkwe wake walikuwa hawasemezani ana kwa ana kwa mambo marefu. Heshima ilikaa katikati yao kama mgeni asiyeaga. Bibi alikuwa akisema na binti yake, Fundi akiwa hatua mbili kutoka hapo.

"Mwambie mumeo kinu asikielekeze kwenye njia. Upepo wa huku hautoki njiani. Sisi tuliokaa na vumbi tunaujua, tulikuwa tunaupa mgongo."

"Umesikia?" binti alimwambia mumewe.

"Mwulize mama huo upepo unaamka saa ngapi."

"Mwambie saa nane mchana. Kabla ya saa nane unachezacheza tu. Ukifika saa nane, hata mwizi anayekimbizwa anashika kofia."

Fundi akacheka, bibi naye akacheka mpaka kikohozi kikamkata. Fundi alikijenga kinu kwa maelezo ya mama mkwe wake. Alikisimamisha juu ya bomba la chuma lenye nyaya nne za kulivuta lisianguke, akashusha nyaya tatu mpaka kwenye daiodi za kuunyoosha umeme na betri ya lori, ndani ya sanduku la ukutani kando ya jiko la nje, pamoja na inveta ya kuugeuza umeme wa betri uwe wa soketi. Saa nane mchana upepo ukaamka. Saa kumi na moja jioni mke wa Fundi alichomeka mashine ya kupumulia ndani ya nyumba yao wenyewe, ikanguruma.

Bibi alivuta dawa akiwa ameketi kwenye kitanda chake, mlango umefungwa, kitambaa kichwani. Alipomaliza, aliomba barakoa ioshwe kwa maji ya moto, kama mtu anayeosha chombo chake. Siku kumi na tisa walikaa hivyo. Siku kumi na tisa hakuna aliyepita na mzigo wa mraba mgongoni, na wewe hukujiuliza wamekwenda wapi. Ulifurahi tu kwamba njia ni nyeupe.

*

Siku ya ishirini, saa saba na nusu mchana, gari la shirika la umeme lilisimama mbele ya nyumba. Alishuka Bwana Kesho pamoja na msimamizi wa machimbo, waliokuwa wakipandisha mlimani kukagua waya.

"Fundi, habari za siku nyingi? Hiki ni kitu gani umetuotesha hapa?"

"Ni majaribio tu, mkubwa."

"Kinatoa umeme?"

Bwana Kesho akamshika bega kirafiki na kushusha sauti. "Maana nikwambie ukweli. Ombi lako limefika juu kabisa. Imebaki sahihi moja. Sasa wakubwa wakisikia una umeme wako mwenyewe, watasema huyu hana shida, apewe mwingine. Mimi nitakutetea kwa lipi?"

Haikuwa kweli. Faili lilikuwa chini ya kabati, limeshikilia mguu mmoja mfupi ili kabati lisicheze, na Bwana Kesho alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Lakini Fundi aliisikia ile "sahihi moja" kwa masikio ya miaka sita. Tena kulikuwa na jambo jingine, na hili ndilo linalochoma. Alikitazama kinu chake kwa macho ya wale wawili, akaona bomba la maji machafu, breki za gari bovu na spika zilizopasuliwa. Akakionea haya.

"Hakitoi kitu," alisema. "Ni cha kutishia kunguru. Wanatusumbua na vifaranga."

"Na hizo nyaya?"

"Za kushikilia tu." Akaenda kwenye sanduku la ukutani, akazichomoa nyaya zote tatu, akawaonyesha zinavyoning'inia. "Mnaona? Haziendi popote."

Msimamizi wa machimbo alicheka mpaka akashika kiuno. "Kunguru! Bwana wee, hebu simama chini yake nikupige picha. Shika hilo bomba. Cheka basi! Usikae kama uko msibani."

Fundi akashika bomba, akacheka. Picha hiyo ipo, imezunguka kwenye simu nyingi, na huenda hata wewe ulimtumia mtu.

Ndani, kitandani, bibi alikuwa amekaa na mikono mapajani. Ukuta ni wa bati. Hakuna neno lililompita.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana mtu asiyesuka mota asingelifanya. Kwenye meza ya Fundi, kila mota aliyomaliza kuisuka aliiacha izunguke bure, bila kufungwa kwenye kazi, nusu saa nzima. Mota isiyo na mzigo imepumzika. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, hivyo ndivyo mikono yake ilivyojua kwa miaka ishirini. Alipozichomoa nyaya kwenye betri, mikono ilimwambia amekipumzisha kinu. Lakini mota ya mezani ina swichi, upepo hauna. Mzigo wa betri ndio uliokuwa ukikishika kinu mkono kisikimbie. Alikuwa amekifungulia.

Wale wawili hawakuondoka. Waliegemea gari wakavuta sigara, wakionyeshana picha. Fundi hakuthubutu kurudisha nyaya mbele yao. Saa nane ikafika, na upepo, kama bibi alivyosema, ukaamka.

Kinu kilianza kwa kuimba. Kikapandisha sauti. Kikawa kinapiga yowe, mabawa hayaonekani tena, limebaki duara jeupe. Fundi alitazama juu akiwa bado ana tabasamu la picha usoni. Bomba likaanza kutikisika. Mkewe akatoka ndani. "Baba, mbona kinalia hivyo?" Bawa moja lilikatika kwa mlio kama bati linalopasuliwa, likaruka juu ya nyumba nne. Mawili yaliyobaki yalivuta bomba kulia na kushoto mara mbili, waya mmoja ukakatika, na kinu chote kikalala juu ya jiko lao la nje.

Lile bawa lilipasua paa la Mama Barafu, likaingia kwenye friza kwa upande wa nyuma, kwenye mishipa yake ya gesi. Mama Barafu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, sahani ya barafu mkononi. Alibaki amesimama vivyo hivyo mpaka barafu ikayeyuka yote miguuni pake.

Bwana Kesho alizima sigara yake polepole. "Ndiyo maana tunasema vibali," akamwambia msimamizi kwa sauti ya kusikika. Moyoni alikuwa na nafuu, kwa sababu sasa faili lile lilikuwa limepata la kuandikwa.

*

Vumbi la machimbo lilishuka siku hiyo kuliko siku nyingine. Saa kumi na moja jioni bibi alianza kuvuta pumzi kwa mabega. Betri ilikuwa imepasuka chini ya lile bomba.

Mke wa Fundi aliitoa mashine, akaiweka mikononi mwa mumewe. "Nenda."

"Nenda wewe, mke wangu. Wewe ndiye mmezoeana naye."

"Mimi nimebeba aibu hii miaka yote. Leo beba wewe, niko na mama."

Alikwenda. Mashine aliificha chini ya shati, tumbo likawa na pembe. Mlangoni kwa Mama Barafu kulikuwa na watu kumi na tano au ishirini, waliokuja kulitazama tundu.

"Huyo anakuja! Fundi, kunguru wangapi wamekufa?"

"Na hilo tumbo, Fundi? Umemeza spika?"

Angeweza kusema neno moja. Angesema "mama anakufa," wangempisha wote, hata yule mwenye mdomo. Badala yake akasimama ukutani, macho chini, akasubiri waondoke. Akajiambia dakika mbili. Zikapita tano. Mmoja akiondoka, wanakuja wawili. Alisikia Mama Barafu ndani akilia bila sauti ya kulia, akipuliza pua tu, akifagia maji. Nitaingiaje? Nitaanzaje? Nimtobolee paa, nimwulie friza, kisha nimwombe soketi? Alisimama dakika ishirini na tano, mtu aliyeweza kuikamata pumzi ya mlima mzima na kuitia kwenye betri.

Mkewe alitokea akikimbia, miguu mitupu. "Umechomeka?"

"Bado."

"Bado nini?"

"Watu..."

"Watu!" Sauti yake ilimtoka mpaka wale watu wakarudi nyuma. "Midomo ya mama yangu imekuwa ya bluu, wewe unangoja watu?"

Mama Barafu alijitokeza na ufagio mkononi. "Bibi? Bibi kazidiwa? Na wewe umesimama hapo tangu lini, mwanamume?" Akautupa ufagio. "Mleteni! Soketi iko wazi, friza si umeshaniulia? Mnatazama nini ninyi, hakuna mwenye toroli?"

Yule yule mwenye utani wa kunguru ndiye aliyekimbilia toroli la mchanga. Wakamleta bibi ndani yake, magoti yamegusa kidevu. Wakachomeka. Mashine ikanguruma chini ya paa lililotobolewa, na mwanga wa jioni ukaingia kupitia tundu, ukamwangukia mzee usoni. Hakukuwa na makreti ya kumficha. Wote walimtazama akihangaikia hewa, na hakuna aliyecheka.

Dawa ya kwanza haikutosha, wakatia ya pili. Rangi ikamrudia polepole, kuanzia masikio. Alipoweza kusema, aliinua barakoa, na kwa mara ya kwanza hakumtuma binti yake.

"Mkwe."

Fundi akasogea, akachuchumaa, uso akiwa ameugeuzia sakafu. "Naam, mama."

"Nilikuwa ndani. Niliwasikia." Akavuta hewa. "Kitu kilichonipa pumzi siku kumi na tisa, umewaambia ni cha kutishia kunguru."

"Nisamehe, mama."

"Sikuulizi samahani." Akavuta tena. "Nakuuliza, kunguru ni mimi?"

Mama Barafu alianza kuzipanga upya zile sahani za kugandishia barafu ambazo hazikuwa na kazi tena, na wale watu mlangoni wakatoka mmojammoja, bila kuagana.

*

Fundi sasa anajua. Aliijua dawa ya kosa lile usiku uleule alipokuwa akiokota sumaku kwenye majivu ya jiko: zile nyaya tatu alizoziacha zikining'inia, kama angezisokota pamoja tu, zigusane shaba kwa shaba, kinu kingejishika chenyewe, kingezunguka pole kama ng'ombe mzee. Ilikuwa kazi ya vidole viwili. Kinu cha tatu ameshakichora, chenye breki na mkia wa kukigeuza upepo ukizidi. Hawezi kukisimamisha. Siku ya tatu baada ya ajali shirika liliwabandikia karatasi mlangoni: mtambo umepigwa marufuku, na ombi la nguzo limefutwa kwa sababu mwombaji ni mtu wa hatari. Mwenye pingamizi alete barua yenye sahihi za majirani ishirini ndani ya siku kumi na nne.

Mkewe amepita mlango kwa mlango. Ana sahihi sita. Ya kwanza ni ya Mama Barafu, mwenye friza iliyokufa. Ya pili ni ya mwenye mizani. Kwako alibisha mara mbili, ukapunguza sauti ya redio.

Zimebaki siku nne. Bibi yu hai. Anavuta dawa kwa Mama Barafu, nyumba nne kutoka kwao, anapelekwa kwa toroli, na kifua chake hakijui habari za mafaili. Angekuwa amekufa ungekwenda mazikoni, ungevaa vizuri, ungesema alikuwa mama wa watu wote. Hajafa. Hiyo ndiyo shida yako, kwamba bado kuna la kufanya.

Kalamu unayo. Barua iko kwa mkewe, nyumba ya mwisho, mlango wa bati la kijani. Usimpelekee pole wala mchango. Mpelekee jina lako lote, kama lilivyoandikwa kwenye kitambulisho, na asubuhi ya kuipeleka ukasimame naye dirishani kwenye ofisi ya shirika la umeme mpaka Bwana Kesho alitoe lile faili chini ya kabati mbele ya macho yenu. Usingoje kumaliza kufikiri. Inuka sasa, mchana haujaisha, nenda ukatie sahihi.